Jina la Mtoto wa Kiume Ambalo Mtaani Hakuna: Majibu kwa Wasomaji

Barua za safari hii zote zimegusa jambo moja: wazazi wanaotaka kijana wao awe na jina ambalo halisikiki kila mlango. Tumezijibu moja moja. Ya kwanza tumeikalia zaidi kwa sababu nyingine zinaiegemea.

Shikamooni. Mke wangu ana mimba ya miezi saba na tumeambiwa ni mtoto wa kiume. Darasani kwa binti yetu mkubwa wapo akina Brian watatu na Ibrahimu wawili, nasi tunataka jina la peke yake. Tumefikiria kuunganisha silabi za majina yetu mimi na mke wangu, au kuchukua jina linalojulikana na kulibadilisha herufi, mfano "Jaydhen". Je, tunakosea?
*Baba mtarajiwa, Morogoro*

Marahaba, na hongereni. Kutaka jina la peke yake si kosa. Tunachowaomba ni kubadilisha mahali pa kulitafuta.

Jina lililobadilishwa herufi halijawa jina jipya. Mdomoni ni lile lile: mwalimu akiita "Jeideni", akina Jeideni wote wataitika. Karatasini ndiko linakoleta kazi. Muuguzi ataandika Jayden kwenye kadi ya kliniki, mwalimu wa awali ataandika Jaiden, na cheti cha kuzaliwa kitakuwa na ile h mliyoiongeza. Miaka 18 baadaye kijana anaomba kitambulisho au mkopo wa masomo, anatakiwa kuapa mbele ya wakili kwamba watu hao watatu ni yeye mmoja.

Jina la kuunganisha silabi lina upungufu mwingine. Halina mtu aliyewahi kuwa nalo, kwa hiyo halina habari. Mtoto wa miaka mitano huuliza jina lake lina maana gani, na mzazi hana la kumsimulia zaidi ya nusu ya baba na nusu ya mama.

Majina adimu yamejaa nyumbani. Angalieni jina ambalo kila Mtanzania analijua. Nyerere kwa Kizanaki ni kiwavi. Baba yake Mwalimu, Chifu Nyerere Burito, aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa wakati viwavi wamevamia nchi. Mwalimu naye alipozaliwa Butiama mwaka 1922 aliitwa kwanza Mugendi, yaani mtembezi, kisha wakambadilishia kwa ushauri wa mganga akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius lilikuja na ubatizo mwaka 1943. Hakuna aliyekaa kubuni herufi hapo. Waliangalia kinachotokea duniani siku ile, wakakipa jina.

Mvua peke yake imezaa majina mengi. Msukuma humwita mtoto Mabula, Mluo humwita Okoth, Mbukusu Wafula, Mkalenjini Kiprop. Wanyakyusa wana hazina nyingine, maneno ya imani yenye sauti nzuri sana: Ipyana ni neema, Lusajo baraka, Lwitiko imani, Lusubilo tumaini, Lusekelo furaha. Mengi kati ya hayo hupewa wavulana na wasichana pia. Lusubilo hashangazi mtu Rungwe, lakini shuleni kwenu Morogoro huenda akawa peke yake. Huo ndio ugeni tunaoupendekeza: jina geni hapa, lenye kwao kwingine. Ila mkichukua jina la kabila lisilo lenu, mjue watu watadhani mtoto ni wa huko. Wanyakyusa watamsalimu "Ugonile" na kungoja jibu. Kama jambo hilo litawakera, basi rudini kwenye koo zenu.

Na kwenye koo fanyeni hivi. Mtoto ana babu 2, juu yao wazee wa kiume 4, na juu yao tena 8. Hayo ni majina 14 kabla hamjawagusa ndugu zao. Tafuteni shangazi au bibi anayeyakumbuka, mchukue daftari, na kwa kila jina ulizeni mambo matatu. Je, lilikuwa jina lake la kuzaliwa au ni lakabu aliyopewa ukubwani? Wazee wengi hukumbukwa kwa lakabu tu, na lakabu inaweza kuwa ya mzaha. Alipewa kwa sababu gani? Na aliishi na watu vipi? Wapo wazee ambao jina lao likirudi, nusu ya ukoo itanyamaza kwenye sherehe.

Mkibaki na majina matatu au manne, yajaribuni. Mmoja asimame mlangoni aliite jina kwa sauti, mwingine awe mwisho wa uwanja. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho na hupenda kumalizia na irabu, kwa hiyo Lusajo na Mabula husafiri mbali bila kupoteza umbo, ila jina linaloishia na konsonanti litaongezewa irabu mpende msipende. Felix ataitwa Felisi.

Jaribio la simu ndilo linalofichua zaidi. Wapigieni watu watano ambao hawajawahi kulisikia, litamkeni mara moja, kisha waombeni waliandike na kuwatumia kwa ujumbe. Wanne wakiandika sawasawa, jina liko salama. Wakiandika namna nne tofauti, mmeona kazi itakayomkuta mtoto kila anapofika dirisha la karani. Hapo ama mchukue tahajia ambayo wengi wameiandika, hata kama si mliyoipenda, ama mliache. Chagueni watano wa lugha tofauti za nyumbani, kwa sababu herufi r na l hubadilishana sana kwenye ndimi zetu, na sauti dh, th na gh huwa z, s na g kwa wasiozizoea. Dhahiri atakuwa Zahiri kwa wengi.

Angalieni pia jina litakavyokatwa, maana litakatwa. Ramadhani huwa Rama, Suleimani huwa Sele, Abdulrahmani huwa Dula. Litamkeni lenu haraka haraka mara kumi, mtasikia lile fupi likijitokeza lenyewe. Kama fupi lake ni baya, mtaani ndilo litakalokaa.

Mwisho ni maana ya pili. Kondo ni neno la zamani la vita na jina la heshima Uzaramoni, lakini mwanafunzi wa leo akisikia kondo anafikiria kondo la nyuma. Anayebeba jina hilo kwa sababu ni la babu atakuwa na jibu la kutoa. Aliyelipewa kwa kupenda sauti tu ataumia nalo.

Babu yangu mzaa baba aliitwa Feruzi, nami nataka kumpa mwanangu. Dada yangu mkubwa amekataa kabisa, anasema ni jina la kitumwa na tutajitia aibu. Je, ni kweli?
*Mama wa Tanga*

Ni kweli kwamba jina hilo limepita utumwani, na dada yako hakulitoa hewani. Mabwana wa Pwani na Unguja walizoea kuwapa watumwa majina ya vito, manukato na bahati: Feruzi, Almasi, Marijani, Ambari, Mabruki, Baraka, Bahati. Wengine waliitwa kwa siku tu, Juma au Hamisi. Ilikuwa namna ya kumfutia mtu jina alilotoka nalo Uyao au Unyasa, na majina ya ukoo wa bwana yakabaki kwa wenyewe. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, lakini majina yalibaki yakimtambulisha mtu kwa wanaojua kusoma ishara hizo.

Sasa tazama kilichotokea baadaye. Juma na Baraka zimekuwa za kila mtu na hakuna anayeuliza. Feruzi, Marijani na Ambari zimebaki adimu kwa sababu watoto wa wenyewe waliona haya, wakachukua majina mengine. Kwa maoni yetu, mwanamume aliyeitwa Feruzi akajenga nyumba, akaoa, akazaa, akafa akiheshimiwa, amelilipia jina hilo. Kulirudisha kwa mjukuu si aibu. Tunachokuomba ni usilifiche. Mkae na dada yako kabla mtoto hajazaliwa, kwa sababu akishinda hasira yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kumsimulia mtoto habari za babu. Maana ya neno haina kasoro: feruzi ni kile kito cha rangi ya buluu inayoelekea kijani.

Kuwa makini na majina mengine ya kundi hilo. Rehani lilikuwa jina zuri la manukato, lakini leo masikio yote husikia nyumba iliyowekwa rehani benki.

Assalaam alaykum. Tunataka jina la Kiislamu ambalo si Mohamed wala Ali, maana hayo tunayo kumi kumi. Mume wangu anasema tusubiri siku ya saba, mama anasema jina litajwe siku hiyo hiyo. Pia kuna ubaya gani kumwita "Abdul" tu?
*Mwana Mvita, Mombasa*

Waalaykumu salaam. Siku zote mbili zina msingi. Mtume alimpa mwanawe jina Ibrahim usiku ule ule aliozaliwa, na hadithi za akika zinataja siku ya saba: mbuzi au kondoo wawili kwa mvulana, mmoja kwa msichana, kunyoa nywele na kutoa sadaka. Kwa hiyo tajeni siku mnayotaka. Wengi huchagua mapema, wakalitangaza siku ya saba mbele ya watu, na hilo linawapa siku sita za kulizoea kabla halijaandikwa.

Abdul peke yake ni sentensi isiyokwisha: "mja wa…" Lazima lifuatwe na jina la Mwenyezi Mungu, kama Rahman, Rahim, Karim au Jabbar. Kwenye karatasi liandikeni kuwa neno moja, Abdulrahman au Abdulkarim. Mkiandika "Abdul Karim" kwa nafasi katikati, siku moja mfumo utamgawa vipande: Abdul litakuwa jina lake na Karim litachukuliwa kuwa la baba, na baba halisi atasukumwa mbele.

Kwa uadimu, angalieni Masahaba wasiotajwa sana Pwani: Ukasha, Musab, Hudhaifa, Thabiti, Suheli. Hili la mwisho tunalipenda hasa, kwa sababu manahodha wa majahazi waliita hivyo nyota kubwa ya kusini waliyoielekea. Ni jina la Kiarabu na la bahari yetu kwa pamoja. Maana ndiyo inayopimwa kwanza. Mtume alikutana na mtu aitwaye Hazn, yaani ugumu, akamshauri awe Sahl, wepesi. Epukeni pia majina yanayodai ukubwa usio wa binadamu, kama "mfalme wa wafalme". Hilo limekatazwa wazi.

Tuko Leicester, wote wawili wazaliwa wa Zanzibar. Kwenye intaneti tumepata orodha ya majina ya Kiswahili ya wavulana: Jelani "mwenye nguvu", Bakari "ahadi tukufu", Kamau "shujaa mtulivu". Hatujawahi kusikia maana hizo. Tumechelewa kujifunza au orodha imekosea?
*Wazazi wa ughaibuni*

Orodha imekosea. Bakari ni Abu Bakr, limelainishwa na ulimi wetu, na ahadi haimo. Kamau ni jina la Kikuyu. Jelani si neno la Kiswahili. Lililo karibu ni Jilani au Jailani, linalotoka kwa Sheikh Abdulqadir Jilani, na Jilan ni eneo la Uajemi. Orodha za namna hii zilistawi zaidi Marekani, ambako Wamarekani weusi walitafuta majina ya Kiafrika kwa hamu kubwa, hasa miaka ya Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa mwaka 1966 kwa maneno ya Kiswahili. Nia ilikuwa njema, ila waandishi wa orodha walinakiliana. Jabari ni moja ya machache yaliyo na ukweli: lipo kwenye Kiswahili kwa maana ya jasiri, ingawa Pwani tumezoea kulisikia ndani ya Abdul-Jabbar. Kipimo chepesi ni hiki: neno likitajwa kuwa la Kiswahili, litafuteni kwenye kamusi ya Kiswahili, kisha muulizeni mzee wa nyumbani kama amewahi kumwona mtu mwenye jina hilo.

Mkiwa huko, jaribio la simu lifanyeni na majirani wa Kiingereza pia. Faki ni jina zuri la Unguja na Pemba, lakini kwa Kiingereza husikika kama tusi, na kwenye uwanja wa shule ya Uingereza mtoto atateswa nalo kila siku. Lihifadhini kuwa jina la katikati. Kheri atasomwa "Keri". Mkihamia Ujerumani, Juma atakuwa Yuma, maana j yao ni y. Majina kama Makame, Suheli, Haji, Sudi na Pandu husomeka bila shida kubwa.

Uingereza yenyewe mna siku 42 za kumsajili mtoto, na jina linaweza kubadilishwa au kuongezwa kwenye rejista mara moja ndani ya miezi 12 baada ya usajili. Msiitumie nafasi hiyo kama kisingizio cha kuandika lolote kwanza.

Mama mkwe anataka mtoto aitwe Mashaka kwa sababu nilipoteza mimba mbili kabla yake. Sitaki kumvunjia heshima.
*Mke wa kwanza wa nyumba, Dodoma*

Pole sana, dada. Mashaka, Masumbuko, Taabu na Majuto ni majina ya zamani yenye kazi yake: kuandika machungu ya wazazi ili yasisahaulike, na kwa baadhi ya watu kuyapumbaza mauti yasimtamani mtoto. Mama mkwe anakutambulia maumivu yako, na hilo ni jambo kubwa. Lakini machungu ni yenu, na jina ni la mtoto. Mpendekezeeni jina linalosimulia habari ile ile kutoka upande wa pili: Faraji, faraja baada ya dhiki. Mume ndiye aende kusema na mama yake, si wewe, na aende kabla ya kujifungua. Kama mama atashikilia, Mashaka liwe jina lake yeye bibi la kumwitia mjukuu nyumbani. Kwenye cheti kiandikwe Faraji.

Tumeamua: Ng'wandu, jina la babu. Sasa tunaogopa karatasi. Ile alama ya juu itakubaliwa? Na tukikosea, kurekebisha kukoje?
*Baba wa Shinyanga*

Ng'wandu ni uamuzi mzuri. Alama ya juu iandikeni kwenye tangazo la kizazi na cheti, kwa sababu ng' na ng ni sauti mbili na jina halisemeki bila hiyo. Ila jueni kwamba ile mistari miwili ya herufi za mashine chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti haina nafasi ya alama hiyo. Itaondolewa, asomeke NGWANDU, na tiketi ya ndege itafuata hivyo. Si kosa la mtu, ni kanuni ya pasipoti zote duniani. Kistari nacho hugeuzwa kuwa alama ya nafasi.

Mstari wa kwanza kati ya hiyo miwili una nafasi 39 za majina yote. Jina la mwisho hufuatwa na alama mbili za nafasi, na majina mengine hutenganishwa kwa alama moja moja. Kwa hiyo majina matatu ya herufi 12 kila moja hujaza kamili: 12, 2, 12, 1, 12. Mkiongeza la nne, litakatwa. Majina matatu, yaani la mtoto, la baba na la babu, yanatosha.

Tanzania Bara usajili wa kawaida ni ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Aliyezaliwa nyumbani huanzia kwa ofisa mtendaji. Kwa msomaji wa Kenya ni miezi sita, na sheria inampa mzazi miaka miwili baada ya usajili kuingiza au kubadilisha jina la mtoto. Kwa Tanzania Bara, kosa dogo la herufi kwenye cheti hupelekwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, pamoja na ushahidi wa tahajia sahihi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, na kiapo cha mzazi. Kubadilisha jina zima kwa aliyekwisha kulitumia ni kazi nyingine. Inahitaji hati ya kubadili jina iliyoandikwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, kisha kila cheti kifuatishwe kimoja kimoja.

Yote hayo huepukika kwa kitu kimoja. Andikeni majina matatu kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mwende nayo hospitali siku ya kujifungua, mmpe muuguzi anakili badala ya kumtajia kwa mdomo. Tangazo likijazwa, mwekeeni kidole herufi kwa herufi, pamoja na ile alama ya juu, kabla halijapigwa mhuri. Na kadi ya kliniki ya kwanza ilingane nalo, kwa sababu hiyo ndiyo mwalimu wa chekechea atakayoinakili.